Picha Kumi na Nane za Mbah Sastro

Wening alikuwa na picha elfu tatu na mia moja za nyumba yao, na walimu wake walitaka kumi na nane tu.

Hilo ndilo lililomleta dukani kwangu karibu kila siku mwezi ule. Mimi nachapisha picha hapa Kotagede, kwenye uchochoro wa nyuma ya soko, mwaka wa ishirini na sita sasa: za vitambulisho, za harusi, za marehemu wa kutundikwa sebuleni. Wening nilimjua tangu akibebwa mgongoni. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya upigaji picha, binti mwembamba, mbishi, mwenye tabia ya kutafuna kamba ya kamera akiwa anafikiri. Baba yake alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Nyumbani walibaki watatu: yeye, mama yake Bu Tumini, anayeoka kipo, vile vikeki vidogo vya kijani vyenye nazi ndani, na bibi yake, Mbah Sastro, ambaye akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Kwa miaka miwili Wening aliwapiga picha humo jikoni mpaka hakuna aliyegeuka tena kamera ikilia.

Nilimwachia meza yangu ndefu. Alichapisha picha ndogo ndogo, saizi ya karata, akazitandaza zote, kisha akawa anazihamisha. Hii kabla ya ile. Ile itoke. Hapana, irudi. Alikuwa anaweza kukaa nusu saa anaangalia picha mbili tu.

"Mwanangu, si zote ni za bibi yako?" nilimwuliza siku moja. "Ukichagua hii ukaacha ile, nani atajua?"

"Pak Jiwo, hebu tazama. Mbah anacheka, halafu Mama anafunga mlango. Unaona nini?"

"Naona wamefurahi, wanaenda kulala."

Akazibadilisha nafasi. "Na sasa?"

Sasa nikaona mwanamke anafungia mtu ndani, na yule mtu anacheka bila kujua. Tangu siku hiyo sikumtania tena.

Mwalimu wake, Bu Ajeng, alizipitia picha zake siku sita kabla ya mtihani. Wening alirudi dukani uso umemvimba.

"Amesema ni nzuri zote, na ndiyo tatizo. Eti kila mtu humo ni mwema. Eti yeye haamini nyumba ambayo kila mtu ni mwema."

Akafungua kompyuta yake na kunionyesha picha ambayo hakuwahi kuiweka mezani. Mkono wa Bu Tumini uko juu, kiganja wazi. Mbele yake Mbah Sastro amefumba macho, bega limepanda kukinga sikio. Huhitaji kuambiwa kitakachofuata.

"Nichapishie hii kubwa," alisema. "Sijaamua, Pak. Nataka tu kuiona."

Nilimchapishia Jumatatu asubuhi, yeye akiwa darasani. Nikaitundika kwenye kamba karibu na dirisha, kama ninavyofanya kwa kila picha kubwa, wino ukauke. Halafu nikaenda nyuma kula. Sikufikiri. Hicho ndicho ninachoweza kusema: sikufikiri. Niliporudi nilimkuta Bu Ninik, jirani yetu, amekuja kuchukua picha zake za kitambulisho. Alikuwa amesimama dirishani, simu mkononi.

"Huyu si Tumini?" aliuliza.

"Ni kazi ya shule tu," nilisema, nikaishusha ile picha. Tayari nilikuwa nimechelewa.

Kabla ya saa kumi jioni picha ilikuwa imefika mjini Semarang, kwa dada mkubwa wa Tumini, Bu Wahyuni, mwalimu mkuu mstaafu. Alisoma na Bu Ninik zamani. Alimwandikia mdogo wake maneno machache tu: "Keshokutwa asubuhi nakuja kumchukua mama yangu. Nikimkuta na alama hata moja, nakwenda polisi."

Jumanne Wening alikuja dukani akikimbia, pikipiki ameiacha katikati ya uchochoro.

"Nani ameiona, Pak Jiwo? Nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia ni mimi niliyeianika dirishani, na nani aliyesimama pale. Nilitegemea anitukane, na ningestahili. Yeye akavuta kiti.

"Nisaidie," alisema. "Ile asubuhi nilipiga picha arobaini na moja. Budhe Wahyuni ameona moja. Nataka azione nyingine."

Tukazifungua zote. Mbah anasogea jikoni, anataka kukamata kikaango. Bu Tumini anamshika mabega, anamrudisha kwenye kigoda. Mbah anainuka tena. Anarudishwa. Mara ya tatu. Mara ya tano. Uso wa Bu Tumini unabadilika taratibu, kama nguo inayokamuliwa. Halafu ule mkono.

Wening alichagua tisa, akazipanga upesi, safari hii bila kutafuna kamba. Nilianza kuchapisha. Ilipofika ya nane, ile inayotangulia mkono, nikasita. Humo Mbah amenyoosha vidole mpaka karibu na kikaango, na chini yake moto wa gesi unawaka, bluu kabisa. Ukiiona hiyo, kisha ukauona mkono, unasema: ah, alikuwa anamwokoa asiungue. Lakini katika picha nyingine zote Mbah alijitanda kitambaa cha kahawia. Katika hii alijitanda cha kijani.

"Wening, hii ni ya siku ile ile?"

"Chapisha tu, Pak."

"Nauliza tu."

"Unataka Mama apelekwe polisi?"

Kosa lilianzia kwangu, kwa hiyo sikuwa na mdomo wa kumkataza. Nikachapisha.

Jumatano saa tatu asubuhi tulikuwa nyumbani kwao. Wening aliniomba niwepo. Bu Tumini alikuwa anafunga kipo kwenye majani ya mgomba kama siku nyingine, ila vidole vilikuwa vinamtoroka, majani yanafunguka, anafunga upya. Tukasikia mlango wa gari.

Bu Wahyuni aliingia bila kuvua miwani ya jua. Hakumsalimu mdogo wake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mbah, akapiga magoti, akampandisha mikono ya nguo, akamgeuza viganja, akamtazama shingoni, nyuma ya masikio. Alimkagua kama mtu anayetafuta kupe.

Mbah alimwachia, kisha akasema kwa upole, "Soko limefungwa, Bibi. Njoo kesho."

"Mama, ni mimi. Yun."

"Kesho," alisema Mbah. "Leo nimeuza zote."

Bu Wahyuni akasimama. Sauti ilikuwa ile ya kunyamazisha darasa. "Mkoba wake uko wapi?"

"Budhe, subiri kwanza," alisema Wening. "Uliona picha moja. Kaa uone zote."

"Nimeona ya kutosha."

"Picha moja inaweza kusema chochote. Tafadhali, Budhe. Dakika tano."

Sijui ni kwa nini alikubali. Labda kwa sababu alikuwa amefundisha miaka thelathini na nane, na mtoto alikuwa anaomba kusikilizwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mianzi. Wening akazipanga zile picha tisa sakafuni, moja moja, akieleza. Hapa anainuka. Hapa Mama anamrudisha. Hapa tena. Mama yake mkubwa aliinama. Alivua miwani. Alipofika kwenye ule moto wa bluu alivuta pumzi.

"Alitaka kushika moto?"

"Ndiyo, Budhe."

"Sasa mbona hamkusema?"

Nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Nilijua tumeshinda.

Ndipo Bu Tumini alipofuta mikono kwenye kanga yake, akaja, akachuchumaa mbele ya zile picha. Kwa miaka miwili hakuwahi kuuliza kuona hata moja. Alizitazama kwa zamu mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akaiokota ile ya moto, akaiweka kando, kifudifudi.

"Hii ni ya wakati mwingine," alisema. "Siku ile nilikuwa nimeshazima gesi. Kikaango kilikuwa baridi."

"Mama!" Wening alisema.

"Kilikuwa baridi, Wening. Wewe ulikuwepo." Akamgeukia dada yake. "Sikumpiga ili asiungue, Mbakyu. Nilimpiga kwa sababu nilichoka. Alikuwa amesimama mara kumi na moja. Nilihesabu. Ya kumi na mbili nikampiga shavuni."

Nje mtu alipita anauza mboga, akapiga kengele yake, akaondoka. Mbah alikuwa anachana jani la mgomba vipande vyembamba, sawasawa kabisa.

"Mara ngapi?" aliuliza Bu Wahyuni.

"Mara mbili. Hiyo, na nyingine mwezi wa mfungo. Hakuna aliyeiona hiyo nyingine."

"Na unaniambia hivyo, mimi?"

"Ungependa nikudanganye?"

Nilidhani Bu Wahyuni atapiga kelele, atamrukia mdogo wake. Badala yake Bu Tumini ndiye aliyesimama, akaenda chumbani, akarudi na mkoba wa Mbah.

"Mchukue, Mbakyu. Sisemi kwa hasira. Kikombe chake ni hiki cha bati. Kwenye glasi hanywi. Magharibi analia, usimwulize kwa nini, kaa naye tu. Usimwache karibu na mlango wa mbele, anaenda sokoni. Atakuita majina ya watu. Itika."

Alisema yote hayo huku akikunja nguo. Dada yake alikuwa anasikiliza. Alikuwa amekuja kunyang'anya, na sasa anakabidhiwa. Lakini hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Saa saba gari liliondoka na Mbah Sastro ndani, kikombe cha bati mapajani.

Wening aliokota picha sakafuni bila kumtazama mama yake. "Nitazifuta zote. Kesho siendi kwenye mtihani."

"Utaenda."

"Nilikwambia nakusaidia! Umeharibu mwenyewe!"

"Ulinifanya mtu mwingine," alisema Bu Tumini. "Nimekubali uingie jikoni na chooni na kamera yako miaka miwili. Ukitaka kuiweka hiyo picha, iweke. Lakini weka ilivyokuwa. Na kikaango kiwe baridi."

Mchana ule walikuja dukani wote wawili, hawasemezani, mvua imewalowesha. Zilibaki saa chache. Wening akatandaza zile karata zake kwenye meza ndefu na kuanza upya, na mama yake akakaa pembeni, mkoba wake kifuani, akitazama. Hakuchagua hata moja. Mara moja tu aliuliza, "Kwa nini hiyo umeitoa?"

Ilikuwa picha ya dakika kumi baada ya kile kibao. Bu Tumini amekaa kizingitini, amegeuzia kamera mgongo. Nyuma yake Mbah anakula kipo, peke yake, nazi imemganda kidevuni. Wening aliiacha tangu mwanzo kwa kuwa, alivyosema, haina kitu.

Aliitazama tena. Akaiweka ya kumi na mbili. Ya kumi na moja ikawa mkono. Bu Ajeng alikuwa amemshauri kwamba kama ana picha kali, afunge kazi nayo, watu watoke nayo mlangoni. Wening hakufanya hivyo. Baada ya hizo mbili aliweka nyingine sita: kuosha vyombo, nywele za Mbah zikichanwa, Ijumaa moja tu ya kawaida. Niliichapisha ya mwisho mashine ikiwa imechemka mpaka naogopa kuigusa.

Alhamisi nilifunga duka nikaenda kutazama. Jopo lilikuwa la walimu watatu. Chumba kilikuwa kimejaa wanafunzi. Walimu walitembea polepole kufuata ukuta, wanarudi, wanasimama. Kwenye ya kumi na moja walisimama muda mrefu kiasi kwamba Wening alianza kutafuna kamba ya kitambulisho chake. Mmoja wao, mwanamume mwenye ndevu za mvi, akageuka.

"Huyu mama anajua kwamba unamwonyesha hivi mbele za watu?"

"Anajua," ilisema sauti kutoka nyuma. "Nipo hapa."

Watu wakapisha. Bu Tumini alikuwa amevaa kebaya, blauzi yake ya kuendea harusi za watu, mkoba kifuani. Hakusogea mbele, wala hakurudi nyuma. Yule mwalimu alimwinamia kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda kwenye ya kumi na mbili.

"Kwa nini ile hukuiweka mwisho?" aliuliza Bu Ajeng.

"Kwa sababu siku haikuishia pale," alisema Wening.

Alifaulu. Si kwa alama ya juu kabisa. Walisema mwanga wa baadhi ya picha ni dhaifu, na ni kweli. Mimi nilimwomba Bu Tumini msamaha siku ile ile, uwanjani, chini ya mwavuli. Aliniambia nikaweke pazia kwenye dirisha langu. Nimeweka.

Wiki tano baadaye gari la Semarang lilisimama tena kwenye uchochoro. Nilikuwa napeleka bahasha ya picha kwa jirani, nikaona. Bu Wahyuni alimshusha Mbah kwa uangalifu, hatua kwa hatua. Bu Wahyuni mwenyewe alikuwa amekonda, na kwenye mkono alikuwa na alama za kucha ambazo hazikuwa za paka. Tumini alitoka mlangoni na unga viganjani. Walitazamana. Sasa hivi wanapokezana, miezi miwili huku, miezi miwili kule, lakini siku ile hakuna aliyekuwa amepanga lolote.

Bu Wahyuni hakusalimia. Alivua viatu, akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda.

"Kwako huwa anaamka mara ngapi usiku?" aliuliza. "Niambie kweli."

"Nne," alisema Tumini. "Tano mvua ikinyesha." Akamsogezea sahani ya kipo.