Mgeni Asiyesindikizwa

Nakumbuka siku moja ya mvua pale Tongaren, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye nywele zangu zote, nimerudi kutoka Doha na diploma niliyoipata kwa kujisomesha mwenyewe. Bungoma nzima, na Kitale uongeze, hungempata wa kunifikia kwa kompyuta. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Wakulima walikuwa na mashine moja ya kukausha mahindi, na foleni yake iliwekwa kwenye tovuti ya rafiki yangu Wafula. Kila asubuhi tovuti ilikwenda mbio. Kufikia adhuhuri ilikokota miguu, kisha ikaganda.

"Kumbukumbu ya kompyuta inavuja, inajaa vitu visivyoondolewa," nilimwambia. "Tutafute inapovujia."

"Zima, washa! Si imerudi? Wewe na diploma yako, bana!"

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hiyo ya mvua iliganda tena, akazima, na majina ambayo hayajahifadhiwa yakapotea. Jina moja lilikuwa la Mama Nekesa, mjane, mahindi yake yakiwa kwenye pikapu chini ya turubai lililotoboka. Akarudishwa mkiani.

Ndipo nikaketi mimi. Nilipiga picha ya kumbukumbu ya kompyuta, yaani orodha ya vyote vilivyomo, nikafungua na kufunga ukurasa wa foleni tena na tena, nikapiga picha nyingine, nikalinganisha. Kurasa zote nilizozifunga zilikuwa bado hai! Kila moja ilianzisha saa ya kuuliza kila mara foleni imefika wapi, na hakuna aliyeisimamisha. Kwetu mgeni husindikizwa hadi njia panda. Wafula alikaribisha tu, hakusindikiza, nyumba ikajaa.

Niliandika mistari michache ya kuisimamisha saa hiyo ukurasa ukifungwa, tovuti ikatulia. Zamu ya Mama Nekesa ilipofika, mahindi yalikuwa yameota ukungu. Chakula cha mwaka, mwanangu.

"Ati ilijaa kumbukumbu?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ikanisahau."

Sasa nimezeeka, na vijana wa hapa Kitale bado wanazima na kuwasha, wakinicheka.

Basi sikia, hata unapoandika tovuti peke yako: unachokianzisha ukurasa ukifunguka, kisimamishe ukifungwa. Na kitu kikianza kukokota miguu, usikizime kabla hujajua kimebeba nini. Mungu akupe macho ya kuona ufa ungali mwembamba, na mvua ikukute mahindi yako yamekauka.