Kranberi za Nyanya na Kopo la Majivu

Harufu ya majivu yaliyolowa mvua hunirudisha mpaka leo kwenye roshani yetu ya Ladywood, jijini Birmingham, ghorofa ya nane, mahali ambapo nyanya yangu aliamua kuwa na shamba. Roshani yenyewe ilikuwa finyu, ukiweka kiti mlango haufunguki vizuri. Chini yake mabasi yalipita yakielekea mjini, na upepo ulivuma kutoka kila upande. Hapo ndipo Nyanya, mwanamke wa Voi, Kenya, aliyelima tangu utotoni, alipoweka beseni la bluu lenye mche mmoja wa kranberi, akaliita shamba, na ole wake aliyecheka.

Alikuwa amekuja kututembelea kwa miezi sita, mwaka niliotimiza miaka minane. Mama, aliyefanya kazi ya kuwatunza wazee, alitoka alfajiri na kurudi akiburuta miguu, kwa hiyo nyumbani tulishinda mimi na Nyanya. Jamani, nilivyompenda! Alinisuka, alinipikia chapati za maji, alizozana na televisheni kwa Kiswahili, nami nikimjibu kwa Kiingereza, maana masikio yangu yalikuwa ya Voi na ulimi wangu wa Ladywood. Lakini hata mwezi haujaisha, nikamsikia akimwambia Mama, "Hapa nakaa tu kama mzigo. Hakuna jembe, hakuna kuku, hata jirani wa kumsengenya sina. Nibadilishie tiketi nirudi kwangu." Nilijifungia chooni nikalia. Siku iliyofuata Mama akarudi na ule mche. Nyanya akaugeuzageuza, akanusa majani, akauliza unazaa nini. Alipoambiwa ni vitunda vyekundu vinavyoiva baridi ikianza, akatangaza, "Haya. Nitaionja hii karamberi ndipo niende. Lakini ikifa, naondoka kesho yake." Tangu siku hiyo nikawa naamka nikikimbilia roshani kuangalia kama mche unapumua.

Kwenye mche palining'inia kijikaratasi cha maelezo, na kazi ya kumsomea ilikuwa yangu. Nilipofika pale paliposema unataka udongo wenye asidi, nikakwama. Nilijua ni ile ladha inayokukunja uso, ila jina lake kwa Kiswahili silipati. Nikapekua kichwani, nikaokota neno, nikalisema kwa maringo: "Nyanya, unataka udongo mchungu." Uso wake ukang'aa. "Mchungu tu? Kumbe kazi yenyewe ndogo! Nitafutieni majivu, hakuna kitu kichungu kama hayo."

Sasa majivu utayatoa wapi kwenye ghorofa yenye jiko la umeme? Jumapili, baada ya ibada, rafiki mmoja wa Mama aliyeishi Longbridge alichoma nyama kwenye bustani yake. Nyanya akasubiri makaa yapoe, akazoa majivu yote, akayajaza kwenye kopo la maziwa ya unga, na ndani ya basi akalipakata kama mtoto mchanga. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa mbele yetu akaniuliza kuna nini humo. Nikamjibu ukweli: majivu. Maskini, alishika kifua, akampapasa Nyanya begani, machozi yakimlengalenga.

"Anasemaje huyu?" Nyanya akauliza.

Nikajikakamua. "Anakupa pole."

"Pole ya majivu? Mwambie asante, tutamletea karamberi."

Nilimwambia asante tu. Nilijua kwamba huku wengi huwachoma wapendwa wao waliokufa na kuyabeba majivu yao, lakini Kiswahili cha kumweleza Nyanya hayo ningekitoa wapi?

Tuliyachanganya majivu na udongo kwa mikono, na kila Nyanya alipoona jani limelegea, aliongeza mengine. Majani yakageuka manjano, yakaanza kudondoka. Nyanya akaacha kuimba. Jioni moja nikamkuta ametoa sanduku chini ya kitanda, anakunja kanga zake. Hapo Kiswahili kikanitoka chenyewe: "Nyanya, usiende! Nitakulimia mimi!" Akaniangalia kana kwamba kiti kimezungumza. Mama akaingia, sare ya kazi bado mwilini, akauliza kuna msiba gani. Alipoelezwa, akasoma kijikaratasi, akatazama kopo, akatazama beseni.

"Nani kasema mchungu?"

Nikanyoosha mkono.

"Mchachu! Mchachu kama ndimu! Mchungu ni mwarobaini! Loo, mmeulisha sumu mti wa watu!" Akacheka mpaka akaketi sakafuni. Nyanya alijaribu kununa, akashindwa.

Siku yake ya mapumziko, Mama alileta mfuko wa udongo unaofaa. Tukasuuza mizizi, tukapanda upya. Na kwa kuwa kijikaratasi kilitaka maji ya mvua, Nyanya akapanga sufuria zetu zote roshani. Mtu wa Voi, aliyezoea kuingoja mvua mpaka shingo iume, sasa aliipokea ya Birmingham kwa vigelegele, na sanduku likarudi chini ya kitanda. Mwezi wa kumi tulivuna konzi moja. Nyanya akatafuna ya kwanza, uso wote ukajikunja, jicho moja likajifumba. "Hii," akasema huku ameninyooshea kidole, "ndiyo chachu. Sema, Wakesho." Nikasema. Akanifanya nirudie tena na tena mpaka akaridhika, kisha akaondoka kwa tarehe iliyokuwa kwenye tiketi yake.

Siku hizi mimi ndiye ninayeishi Longbridge, na kranberi zimetambaa kwenye bustani yangu. Leo simu ingenitafsiria neno lile kabla sijameza mate, na Nyanya asingepewa pole ya majivu. Ingekuwa rahisi, lakini sidhani kama ningewahi kumwambia kwa mdomo wangu asiende. Nyanya yuko Voi, masikio yamekuwa mazito, ila kupiga simu ya video anajua kuliko mimi. Majuzi alitutazama tukivuna, mimi na mwanangu, ambaye humjibu kila mtu kwa Kiingereza. Mtoto akatia moja mdomoni, akajikunja mzima, akaikimbilia simu, na kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyemuomba, akapiga kelele: "Nyanya! Ni chungu!"

Kule Voi, Nyanya akaisogeza simu mdomoni. Kisha sauti yake ikajaza bustani nzima.

"Wakesho! Wee Wakesho, ficha majivu!"