Kupe wa Kikundi Chetu

Mimi nina hasira za karibu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso na sijaukunjua tangu siku hiyo. Naanza na hilo ili mtu asije akanihurumia mapema.

Ninaishi Kiamunyi, ghorofa ya pili, chumba kimoja na jikoni ambamo watu wawili hawapishani. Si kwamba kuna wa pili. Kazi yangu ni kujibu malalamiko ya wateja kwa kompyuta: huyu jiko lake halikuwaka, yule ameletewa viatu vyote viwili vya mguu wa kushoto. Kutwa nzima naomba radhi kwa watu ambao sitawahi kuwaona. Nikifunga kompyuta jioni, aliyesikia sauti yangu siku hiyo ni soja wa getini pekee, na huyo namwambia "sasa" tu nikitoka kununua sukuma wiki. Majirani nawajua kwa viatu vyao vya mlangoni. Nilikuwa mpweke, na upweke huo niliuonea haya, kwa hivyo sikumwambia mtu.

Kilichonishika mkono ni mchezo wa simu. Mnakuwa watano kwenye kikundi. Saa kumi na mbili jioni mnaingia msituni pamoja, mnawinda dude moja kubwa lenye pembe, na likianguka sanduku linafunguka, vilivyomo vinagawanywa sawa kwa kila aliye kwenye kikundi. Mchezo hauulizi nani alipiga na nani alisimama tu. Huku mnacheza mnaongea. Kwetu kulikuwa na fundi wa matairi ya malori kutoka Mai Mahiu, mtu wa vichekesho, na mume na mke wa Eldoret ambao walikuwa wakigombana mpaka dude linatupiga. Jamani, niliwapenda watu wale. Wa nne nilikuwa mimi. Wa tano alikuwa baba yangu, ila hilo nililijua peke yangu.

Baba anaishi Molo, kwenye shamba letu la viazi, peke yake tangu Mama afariki. Mama ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba yetu sote wawili. Alipoondoka, simu zetu zikawa hivi:

"Uko salama?"

"Niko salama, Baba. Na wewe?"

"Huku mvua imenyesha."

"Ni vizuri."

"Haya basi."

Nikikata nalia, halafu nakasirika kwa sababu nimelia. Niliona wazi kwamba tukiendelea hivyo nitampoteza naye angali hai. Basi Pasaka nilipoenda kumwona, nikamwekea ule mchezo kwenye simu yake. Sauti ilikataa, simu ni ya zamani, lakini picha zilikuja. Nikamwonyesha pa kubonyeza ili kuingia, pa kutembea, pa kupiga. Akaitikia "mm" kwa kila kitu. Nikamwambia, "Baba, kila jioni tutakuwa pamoja humu." Na nilimaanisha.

Alikuja kila siku bila kukosa. Saa kumi na mbili kamili, mara nyingi kabla yetu. Na akishafika, anasimama. Pale mchezo unapoanzia kuna moto na magunia matatu, pambo tu, hayafunguki wala hayabebeki. Baba alisimama kando ya magunia hayo. Sisi tunaenda msituni, tunaumwa, tunakufa, tunafufuka, tunarudi hoi, na yeye yuko palepale. Sanduku likifunguka, fungu lake linamfikia.

Wachezaji wana jina la mtu wa namna hiyo: kupe. Ananyonya tu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," fundi alisema jioni moja. "Huyu tumempa hadi upanga. Hii ni wiki ya sita, boss, hata nzi hajapiga."

Nilipaswa kusema. Maneno yalikuwa tayari: huyo ni mzee wangu, mwacheni. Badala yake nikacheka. Nilicheka pamoja nao, nikasema labda amelala na simu mkononi. Niliogopa wakijua nacheza na baba yangu wataniona mtu asiye na marafiki. Ambalo lilikuwa kweli.

Nikampigia. "Baba, ukiingia usisimame. Bonyeza ule upanga."

"Sawa."

Kesho yake akasimama. Nikampigia tena, akasema sawa tena, akasimama tena. Nikaona ananipuuza, na mtu akinipuuza mimi moshi unanitoka masikioni.

Wakati huo walikuwa wamenifanya kiongozi wa kikundi, kwa sababu nina sauti kuliko wote. Basi siku moja mteja alikuwa amenitukana tangu asubuhi, nikaingia mchezoni nikiwa nimejaa mpaka hapa. Tulikutana na dude ambalo lazima mlipige wote watano. Tukalipiga wanne. Likabaki na uhai wa kidole, likatumaliza. Mke wa Eldoret akapumua kwa nguvu, na ile pumzi iliniuma kuliko matusi ya mteja.

"Kiongozi," fundi akasema, na safari hii hakuwa anacheka, "ni sisi ama ni huyo kupe. Chagua."

Nikamtazama Baba kwenye kona ya kioo. Amesimama, ametupa mgongo. Nikabonyeza jina lake, nikabonyeza ondoa. Mchezo ukauliza kama nina uhakika. Wee! Nilikuwa na uhakika kabisa.

Kesho yake tukapata mtu mwingine wa tano, tukashinda, tukapiga kelele. Halafu wakaondoka mmoja mmoja, na nyumba ikawa kimya kuliko siku zote. Nilijiambia nitampigia Baba. Sikupiga. Yeye pia hakupiga. Lakini kwenye orodha ya marafiki, kila saa kumi na mbili, taa ndogo ya kijani iliwaka kando ya jina lake, ikakaa saa nzima, ikazima. Wiki tatu. Nilicheza nikiitazama. Nilikuwa naua madude na roho inaniuma, na sikuwa na wa kumwambia kwa nini.

Jumamosi ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikaenda Molo.

Baba alinipikia chai. Tuliongea kuhusu mvua. Ilipofika saa kumi na mbili alifuta mikono, akavaa miwani, akaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, akaingia. Nikamwona humo kwenye kioo, peke yake kando ya moto, na uwanja mzima hauna mtu.

"Baba, unafanya nini hapo?"

"Nalinda."

"Unalinda nini?"

"Mizigo yenu." Alinishangaa kidogo. "Nyinyi mnaenda kazi huko ndani, vitu mnaacha hapa. Haviwezi kukaa bila mtu."

Kwetu, viazi vikikomaa, majirani huchimbiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na kila mara kuna mzee ambaye mgongo haukubali kuinama. Huyo hukaa ukingoni mwa shamba na sweta za watu, birika la chai na watoto wanaonyonya. Jioni hupimiwa debe lake la viazi sawasawa na waliochimba. Hakuna aliyewahi kumwita kupe. Hata mwenye kuchimba mistari minne huona aibu kuanza kubeba kabla mzee hajapimiwa. Baba alikuwa amekaa ukingoni hivyo kwa miaka, na mimi mwanawe nikamwambia aache mizigo ya watu ashike upanga. Alisema sawa kama unavyomwambia mtoto sawa.

"Siku hizi hamji," alisema. "Simu iliandika kiongozi ameniondoa. Nikaona labda wanataka vijana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungegombana nao. Mdomo wako naujua. Halafu ungebaki bila watu, na huko kwako huna mtu."

Sikuwa nimemwambia hilo hata siku moja.

"Na mbona bado unaingia?"

"Kuna ile taa yako ya kijani. Ikiwaka najua siku imekuishia vizuri."

Nikasogeza kiti karibu naye. Baba akageuza simu kidogo ili nione vizuri. Moto ulikuwa unawaka, na magunia yalikuwa matatu.

"Huyo kiongozi wenu, ukimpata," alisema, "mwambie mzee hana kinyongo. Mwambie hakuna kitu kimepotea."

"Nitamwambia, Baba."