Siku Niliposhindwa Kuingia Chini ya Gari

Lori ambalo halijafungwa bodi lina sura ya kuchekesha. Mbele kuna kichwa, kile chumba cha dereva, na nyuma yake hakuna kitu ila vyuma viwili virefu vilivyolala sambamba juu ya matairi, vimeshikwa na vyuma vifupi vya kukatiza kama ngazi. Ngazi hiyo ndiyo chesisi. Ukiiona mara ya kwanza unaweza kudhani gari limeibiwa nusu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mabodi katika gereji moja mjini Tarime, na nikiliona gari la hivyo moyo hufurahi. Juu ya ngazi hiyo unaweza kufunga tangi la maji, au kizimba cha ng'ombe, au flatibedi, yaani bodi bapa lisilo na kuta, la kubebea vitu virefu.

Wanaokuja gerejini kuniuliza wanunue gari gani huwa nawapa jibu lile lile. Kichwa kitapakwa rangi, injini itabadilishwa, matairi yatanunuliwa mengine. Chesisi ni uti wa mgongo, na uti wa mgongo hautazamwi ukiwa umesimama. Beba gunia, litandike, lala chali, ingia chini. Wala huhitaji kuwa fundi. Pitisha kidole upande wa ndani wa chuma, taratibu, kutoka kichwani mpaka mkiani. Chuma ambacho hakijaguswa tangu kiwandani huteleza tu. Kilichokatwa kikaungwa huwa na kovu, hata kama kimesagwa vizuri, na kidole chako kitalipata kabla ya jicho. Nimewaambia hivyo madereva, wafugaji, hata mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja na suti yake nzuri. Alilala chini. Alitoka na vumbi mgongoni na tabasamu.

Baba mkwe wangu anaishi kijijini, upande wa Serengeti. Alipopata habari kwamba kuna mkandarasi anayesambaza nguzo za umeme vijijini na anatafuta magari ya kukodi, alinipigia simu yeye mwenyewe. Kwa kawaida ujumbe wake huja kupitia kwa mume wangu.

"Mama," alisema, "wewe unayajua haya magari. Utakuja Sirari unichagulie. Bodi utalitengeneza wewe mwenyewe."

Nilikaa na simu mkononi hata baada ya yeye kukata. Miaka yote niliyoolewa pale, hakuwahi kutamka neno kuhusu kazi yangu. Nilijua kwamba mwanzoni haikumpendeza kuona mkwe wake anavaa miwani ya kuchomelea.

Nilijua pia gari hilo lingetoka wapi. Alikuwa ameamua kuuza ng'ombe, karibu zizi zima, na ndani ya zizi hilo walikuwamo ng'ombe wa mahari ya kijana wake wa mwisho. Wazazi wa binti walikuwa wamekubali kungoja mpaka baada ya mavuno. Hesabu ya mzee ilikuwa rahisi na haikuwa ya kijinga: gari libebe nguzo msimu mmoja, ng'ombe warudi zizini, kijana aoe. Gari likishindwa, hakuna kitakachorudi.

Hapa inabidi nieleze jambo moja, na wasomaji wa kwetu wanivumilie kwa sababu wanalijua. Mimi na baba mkwe hatupeani mikono. Namwamkia shikamoo nikiwa mbali kidogo, nimeinamisha macho. Hatukai kwenye benchi moja. Na kulala mbele yake, hata ningekuwa naumwa, ni jambo ambalo halifanyiki, kulala chali ndiyo kabisa. Si uadui. Ni heshima inayomlinda yeye na kunilinda mimi, na kwa miaka mingi sikuwahi kuiona kama mzigo.

Kwa hiyo tulipanga vizuri. Mume wangu, ambaye anafanya kazi za zamu mgodini kule Nyamongo, angekuja nasi. Tukifika atamchukua baba yake wakanywe chai mahali, mimi nitavaa ovaroli na kuingia chini ya magari bila macho ya mtu. Gunia nilikunja nikalitia kwenye mkoba tangu usiku. Asubuhi zamu ikabadilishwa. Mume wangu aliondoka akisema, "Wewe nenda tu, mtaelewana," na huko mgodini simu huachwa getini.

Uwanja wa magari wa Sirari haukuwa na mti wala kibanda. Magari yalipangwa juani kwenye changarawe, na upande wa barabara malori yalikuwa yamefuatana kungoja kuvuka mpaka kwenda Isebania. Baba mkwe alikuwa amefika kabla yangu, amevaa koti lake la vikao. Mkononi alikuwa na kamba ya katani. Alikuwa amepita mahali nguzo zilikoshushwa, akapima nguzo moja kwa kamba hiyo, akafunga fundo pale ilipoishia, akaja nayo. Nilimpenda kwa ile kamba. Ni kitu ambacho ningemfundisha mtu kukifanya.

Dalali alikuwa kijana mwenye kofia nyeupe na Kiswahili cha ng'ambo ya pili ya mpaka. Alituonyesha malori mawili. La kwanza lilikuwa fupi, rangi imepauka, chesisi ina kutu ya juu juu, kutu ya kawaida ya chuma kilichonyeshewa. La pili lilikuwa refu. Kichwa chake kilikuwa kimepauka vile vile, lakini chesisi yake iling'aa kwa rangi nyeusi kama kiatu cha harusi.

Mzee alinyoosha kamba kwenye lile fupi. Fundo lilining'inia hewani. Akainyoosha kwenye lile refu, na fundo likakaa pale pale kwenye ncha ya chuma.

"Hii ndiyo," alisema.

"Mzee ana jicho!" dalali akapiga makofi. "Hii lori ni ya maana, haina maneno."

Nilisogea, nikajikohoza. "Baba, kwa ruhusa yako. Nguzo si lazima iishie pale chesisi inapoishia. Inaweza kutokeza nyuma kidogo, tunaifunga kitambaa chekundu. Flatibedi nitalirefusha mimi kwa kiasi kinachokubalika. Hili fupi litatosha."

"Mkandarasi amesema anataka gari refu."

"Ndiyo, baba. Ila hii rangi ni mpya. Kichwa ni cha zamani na chesisi ni mpya. Inanipa wasiwasi."

Dalali alicheka. "Mathe, kwani kupaka rangi ni dhambi? Hata wewe leo umejipaka mafuta ukang'aa. Sasa tukukatae?"

Mzee alimgeukia taratibu. "Huyu ni mkwe wangu. Chunga mdomo wako, mura," alisema, kama tunavyowaita vijana kwetu.

"Pole, mzee. Ni utani wa soko."

Lakini utani ulikuwa umefanya kazi yake. Hoja yangu ikawa imepotea. Nilichutama kando ya gari, sketi nimeibana vizuri, nikajaribu kuchungulia. Kutoka pale nilikuwa naona upande wa nje tu, uliopakwa rangi. Upande wa ndani, ambako kidole hupita, ulikuwa umbali wa mkono mmoja na sikuweza kuufikia bila kulala. Nyuma yangu niliona viatu vya baba mkwe, vimesimama, vinangoja.

Nikasema labda mtu mwingine aingie. Dalali akaita mtu wake mmoja, akaingia chini haraka kama samaki, akatoka. "Safi kabisa!" Ningefanya nini? Nilikuwa nimeomba mtu aingie, na mtu ameingia.

Nikajaribu njia ya mwisho. "Baba, jua ni kali. Pale ng'ambo ya barabara kuna hoteli wana chai nzuri. Nenda upumzike kidogo, mimi nitamalizia kukagua."

Alinitazama kwa mshangao, na nadhani kwa upole. "Mama, ng'ombe wangu wote wamesimama hapa. Mimi niende kunywa chai?"

Nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi. Gunia lilikuwa kwenye mkoba begani kwangu. Nilikuwa na spana. Nilikuwa na ujuzi wote uliohitajika. Nilipiga simu kwa mume wangu nikasikia kuwa haipatikani, nikaipiga tena, ikawa haipatikani vile vile. Ningeweza kusema, "Baba, siwezi kukagua ukiwa hapa." Lakini sentensi hiyo, katika lugha yetu ya nyumbani, sijui hata ingeanzia wapi. Kumwambia baba mkwe aondoke ni kumfukuza. Kumweleza kwa nini aondoke ni kuutaja mwili wangu mbele yake. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili.

"Basi, baba," nilisema. "Kama umeliona linafaa."

Aliweka dole gumba kwenye karatasi iliyosema amelinunua gari kama alivyoliona.

Siku ya pili gari lilikuwa gerejini Tarime na mzee amerudi kijijini kwanza. Nilitandika gunia, nikalala, nikaingia. Sikupitisha kidole hata hatua mbili. Kovu lilikuwa nyuma kidogo ya kichwa, upande wa kulia, na jingine sawia upande wa kushoto. Nikagonga kwa spana: huku mlio, hapa mlio, hapo kwenye kovu kishindo kizito kama unagonga gogo lililooza.

Nilimwita mwenye gereji, mzee wa Kiislamu aliyenifundisha kazi hii nikiwa msichana. Aliweka kofia yake pembeni, akaingia, akakaa huko muda mrefu.

"Lilikuwa fupi hili," alisema. "Wamelikata, wakalirefusha. Na aliyeliunga alikuwa na haraka."

Kurefusha chesisi si kosa, nataka hilo lieleweke. Tunarefusha hapa hapa. Ila fundi mwangalifu hukata kwa mshazari ili kiungo kiwe kirefu, halafu huweka bamba la chuma upande wa ndani likumbatie pande zote mbili. Hili lilikatwa wima kama mkate, likachomelewa juu juu, likasagwa, likapakwa rangi. Likiwa tupu lingetembea mpaka Mwanza. Likibeba nguzo, kwenye mashimo ya huko kwetu, lingepinda mgongo.

"Tukiongeza mabamba?" niliuliza.

"Tutaongeza. Lakini chuma kimeshapikwa vibaya, binti yangu. Mimi singekaa nyuma yake kwenye mlima."

Simu ya dalali iliita bila kujibiwa, baadaye ikawa haiiti. Mume wangu alisema atamwambia baba yake mwenyewe akipata siku ya mapumziko. Mzee hakungoja. Alikuja Tarime kwa gari la alfajiri, na koti lake lile lile, akasimama kwenye mlango wa gereji akitabasamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Bodi limefika wapi?"

Nilimweleza. Nilieleza kama ninavyoeleza kwa wateja, polepole, kitu kimoja kimoja: ngazi, kovu, mshazari, bamba. Nilijisikia nikieleza vizuri sana, na kila nilivyoeleza vizuri ndivyo ilivyozidi kuwa wazi kwamba nilikuwa nalijua jambo hili tangu Sirari. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Liko wapi hasa?"

"Chini, baba. Nyuma ya kichwa."

Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya tairi. Kisha akaliokota gunia langu, akalitandika yeye mwenyewe, akaanza kupiga magoti. Nilielewa anachotaka kufanya, nikageuka haraka nikautazama ukuta. Nilisikia mifupa yake ikilalamika, nikasikia mgongo ukitambaa kwenye gunia. Halafu ukucha ukipita kwenye chuma, ukifika mahali, ukikwama, ukirudi, ukikwama tena.

"Nimelipata," alisema kutoka chini. Sauti yake ilikuwa karibu na sakafu, nami nilikuwa sijawahi kuisikia ikitoka huko.

"Ndiyo, baba."

"Sirari hukuingia kwa sababu yangu."

Ukutani kulikuwa na misumari mitatu na mkanda wa feni.

"Mama," alisema, bila hasira kabisa, na hiyo ndiyo iliyonimaliza, "ungeniambia tu nigeuke. Ningegeuka."

Niliihesabu tena ile misumari.

"Litabeba?" aliuliza.

"Tukiweka mabamba, nusu ya mzigo, baba. Na barabara iwe nzuri."

"Barabara nzuri."

"Ndiyo, baba."

"Nusu ya mzigo mkandarasi hataki. Na wale wakwe watarajiwa nitawaambia nini? Wasubiri mavuno mangapi?"

Maswali hayo hayakuwa yangu kuyajibu, naye hakuwa ananiuliza mimi. Nilisikia akijaribu kujiinua, akipumzika, akijaribu tena. Mwenye gereji hakuwapo wa kumpa mkono, na mimi mkono wangu siwezi kumpa. Nilibaki nimeutazama ukuta, sijui kama ameshasimama, nikingoja aniambie kwamba naweza kugeuka.