Mkwe Wangu na Nafasi Moja ya Shule

Mkwe wangu anasafisha chumba cha upasuaji, na sakafu yake inang'aa hadi nzi wakitua wanateleza. Ugonjwa wa mlipuko ulipofunga shule zote, moja iliachwa kwa watoto wa wafanyakazi wa lazima, wale ambao kazi yao haiwezi kusimama. Ilikuwa imebaki nafasi moja, na mjukuu wangu hakuwa na wa kumwangalia. Mimi nilikuwa nimevunjika mguu nikipigana na chui. Wanaosema niliteleza bafuni, waacheni.

Mkwe wangu alipokwenda kuiomba nafasi hiyo, mwalimu mkuu akamwambia, "Mama, hii ni ya madaktari na wauguzi. Wewe unashika fagio tu."

"Haya, mwalimu. Kesho nashinda nyumbani na binti yangu. Muulize huyo daktari nyuma yangu atapasua saa ngapi."

Daktari, aliyekuja kumwombea mwanawe nafasi hiyohiyo, akaangua kicheko. "Hapasuliwi mtu mpaka huyu dada asaini karatasi ya mlangoni kwamba chumba ni safi. Mpe yeye. Wangu ana mama yake nyumbani."

Mwalimu mkuu akaandika jina la mjukuu wangu palepale. Mkwe wangu akarudi kifua mbele, nami nikapiga vigelegele hadi kuku wa mtaa mzima wakataga.