Gauni Lililokatika Lenyewe

Fundi cherehani, jirani yangu, huungama kila Jumamosi, lakini sijapata kumsikia akisema "nimekosa" nyumbani kwake. Huzungumza akiwa na pini mdomoni, maneno yakitokea pembeni: pasi imeunguza, mkasi umeteleza, kitambaa kimekatika. Kikombe kikimponyoka, basi kimevunjika chenyewe. Dirisha langu linatazamana na meza yake, na masikio yangu yamechoka. Enzi zetu padre alikuuliza kwanza kama umepita kwa uliyemkosea. Kama hujapita, alikurudisha ulikotoka.

Jumamosi iliyopita alikata gauni la harusi la binti yake likaishia magotini, na harusi imebaki wiki moja. "Limekatika," alisema, akaenda zake kanisani. Alirudi akipiga mluzi, akaketi, akabana pini zake mdomoni kama kawaida.

"Mwanangu, usininunie tena. Yamekwisha, nimeungama."

"Kwa nani, baba?"

"Kwa padre."

"Kwani padre ndiye anayeolewa?"

Mama mtu alicheka hadi akashika mlango. Fundi alitema pini kiganjani, akafungua mdomo, nami mzee mzima nikasogea dirishani, nikidhani leo neno litatoka. "Unajua, mkasi huu..." alianza. Binti hakungoja amalize. Alikusanya vipande vya gauni lake mezani, akavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine, na baba mtu akabaki akikanyaga cherehani isiyo na kitambaa.