Boma la Shubiri

Hakuna jambo la dunia hii lingeweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilivyojiona. Mimi niliyeishia darasa la nne kule Usangi, nikauza sabuni wakati nchi haina sabuni, na biashara ilipopewa ruksa nikawa na lori langu mwenyewe, nishangazwe na nini?

Basi mwaka mmoja wa ukame bwana misitu aliwafuata wafugaji wa Makanya, walewale niliokuwa nikinunua mbuzi kwao. Kwenye miamba ya malisho yao kulikuwa na shubiri mwitu ndogo, majani yana madoa meupe. Akasema haijaonekana penginepo. Mifugo ikiivamia tena, malisho yote yatafungwa. Na kiangazi kile hawakuwa na malisho mengine.

"Niachieni mimi," nikasema mbele ya watu. "Nitajenga boma hata panya hapiti. Akipita mbuzi mmoja, nachinja, mle wote."

Mwenyeji wangu, Mmasai wa rika langu, akacheka. "Mpare, na ubahili wenu, achinje mbuzi? Mvua itanyesha leo leo."

Nilikata matawi ya mgunga kwa mikono yangu, nikaizungushia miamba, miba nje. Kazi safi. Nikapanda zangu kwetu mlimani.

Siku niliyomleta bwana misitu kukagua, nilisikia kengele za mbuzi kabla sijaliona boma. Kumbe boma lenyewe halipo. Mbuzi wamejaa juu ya miamba, wanatafuna.

"Rafiki," mwenyeji wangu akaniuliza polepole, "huko kwenu mbuzi anakula nini?"

"Anacholetewa bandani."

"Basi na huku umemletea. Umekata matawi na maganda yake ya mbegu! Mbuzi wetu anapenda maganda ya mgunga kuliko chumvi. Umewaandalia harusi!"

Bwana misitu hakucheka. Alipiga magoti miambani, akawa anafunua majani moja moja. Mwenyeji wangu naye kicheko kikamkauka. Mimi, ninayejulikana kwa mdomo mpaka stendi ya Same, nikawa nafukuza mbuzi miambani.

"Imepona," bwana misitu akasema hatimaye. "Wamevunja majani ya pembeni tu. Hakuna aliyeionja."

"Nani aionje?" mwenyeji wangu akadakia. "Ziwa la mama likipakwa shubiri mtoto analiacha, sembuse mbuzi!"

Malisho yakabaki wazi. Nikakaa juu ya jiwe, nikacheka mpaka machozi. Boma la pili tulijenga pamoja, mawe chini, juu matawi makavu yasiyo na ganda hata moja. Mpaka leo lipo, na mvua ikinyesha shubiri inachanua.

Lakini ahadi ni ahadi. Mbuzi wa kuchinja nilimnunua palepale kwa mwenyeji wangu, naye akanitolea beberu aliyewaongoza wenzake kuvunja boma, kanona kwa maganda yangu mwenyewe. Nilibishana bei mpaka koo likauma, na ubishi wa bei nimeuzoea. Hakushusha hata senti: shilingi elfu sita na mia tano.